Mshangao Ndani ya Nukuu

Anayejifunza kuunganisha programu yake na M-Pesa hakosi kukutana na nenosiri hili:

Safaricom999!*!

Kwa miaka kadhaa limekuwa nenosiri la mazoezi la Daraja, mlango ambao Safaricom iliufungua mwaka 2017 ili waandishi wa programu watume na kupokea malipo ya M-Pesa kutoka kwenye mifumo yao wenyewe. Si siri ya mtu. Halifungui pesa yoyote ya kweli, na limenakiliwa katika miradi mingi isiyo na idadi. Lina herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, nyota na alama mbili za mshangao. Fomu nyingi za usajili zingelipitisha. Ila ipo programu moja isiyolisoma kama nenosiri. Kwa bash, sheli inayopokea amri kwenye kompyuta nyingi za Linux, vibambo !* ni agizo: chukua kila neno lililofuata jina la amri iliyotangulia, ulibandike hapa.

Huu ndio upanuzi wa historia. Sheli huweka kumbukumbu ya amri ulizokwisha kuandika, na alama ya mshangao ndiyo ya kuzirejeshea. !! ni amri iliyopita, nzima. !$ ni neno lake la mwisho. !46 ni amri namba 46 katika orodha. !git ni amri ya karibuni iliyoanza na git. Wengi wanaujua upanuzi huu kwa njia moja tu: umeandika amri ndefu, umeambiwa huna ruhusa, unaandika sudo !! na mambo yanaenda. Hapo ni raha tupu. Balaa ni kwamba upanuzi hufanya kazi hata ndani ya nukuu mbili, mahali ambapo mwandishi anaamini ameshalifungia neno lake lisiguswe.

Suala hili lingeweza kuchambuliwa popote penye kompyuta. Nalitazama kutoka Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, kwa kuwa huko linaonekana pande zake zote, faida na hasara, kuliko kwenye ofisi zenye faiba na mashine za aina moja. Barabara ya Ngong inapita kati ya mitaa hii miwili, Kibera ikiwa kusini yake na Kawangware kaskazini-magharibi. Kando ya barabara hiyo ndipo iHub ilipofunguliwa mwaka 2010, katika jengo la Bishop Magua, na ndipo Moringa School inapofundishia uandishi wa programu. Ndani ya Kibera yenyewe Taasisi ya Tunapanda inafundisha vijana teknolojia na ubunifu, na mtandao wake wa kijamii, TunapandaNET, unaunganisha shule na vituo vya vijana. Kwa kijana wa Gatwekera huko Kibera au wa Stage 56 huko Kawangware, kazi ya kompyuta si habari ya mbali. Ni safari ya mguu au ya matatu moja. Na kazi ya kwanza ya kulipwa anayoweza kuipata, mara nyingi, ni kumwekea mwenye duka, chama au shule mfumo wa kupokea M-Pesa.

Basi tuchukue kazi hiyo. Ukitaka kutuma pesa kutoka kwa biashara kwenda kwa mteja, kurudisha muamala au kuuliza salio kupitia Daraja, unahitaji nenosiri la mwanzilishi lililosimbwa. Unalisimba kwa ufunguo wa umma uliomo katika cheti cha M-Pesa, kisha unaligeuza kuwa maandishi ya base64. (Ule ujumbe unaomtokea mteja kwenye simu aweke PIN una utaratibu wake mwingine, na haya hayaugusi.) Mwanafunzi anasafisha skrini, halafu anaandika:

clear
echo -n "Safaricom999!*!" | openssl pkeyutl -encrypt -certin -inkey cheti.cer | base64 -w0

Amri iliyotangulia ni clear. Haikufuatwa na neno lolote, na mwongozo wa bash unasema wazi kwamba hali hiyo si kosa kwa !*, inarudisha patupu. Mshangao wa pili umegusana na nukuu ya kufunga, na bash za siku hizi huuacha ulivyo. Kwa hiyo kinachosimbwa ni Safaricom999! basi. Nyota imepotea pamoja na mshangao mmoja. Openssl inafanya kazi yake, base64 inatoa mstari mrefu wa herufi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna lililoharibika.

Haki yake bash tuiseme: kila ikipanua, huuchapisha kwanza mstari uliopanuliwa, kisha ndipo inautekeleza. Aliyekazia macho angeona. Lakini nani atagundua kwamba vibambo viwili vimepungua kwenye mstari alioandika mwenyewe sekunde moja iliyopita, wakati anachongoja ni yale maandishi ya base64 yanayomwagika chini yake?

Angalau clear ni amri ya heri. Kama iliyotangulia ilikuwa cd ~/daraja, nenosiri linalosimbwa ni Safaricom999~/daraja! na kama ilikuwa ls -la, ni Safaricom999-la! Kama ilikuwa amri ndefu ya curl yenye ruhusa na data nyingi, huenda openssl ikakataa, kwa kuwa ufunguo wa RSA wa biti 2048 hauwezi kubeba zaidi ya baiti 245 kwa usimbaji huu. Anayekataliwa hivyo ndiye mwenye bahati, maana amejulishwa.

Wengine wanapeleka walichokipata Daraja. Jibu la kwanza linarudi salama: ombi limepokelewa. Baada ya muda, kwenye anwani ambayo mwanafunzi aliitoa ipokee matokeo, linafika jibu la pili lenye namba 2001, kwamba taarifa za mwanzilishi si sahihi. Kosa lililofanywa kwenye kibodi limejitokeza kwenye seva nyingine, kwa saa nyingine, likiwa na jina lingine. Mtu ataanza kushuku cheti, jina la mwanzilishi, namba ya biashara, hata mtandao. Atamwomba mwenzake aliyefaulu amwonyeshe nenosiri lake lililosimbwa ili walinganishe, na hapo pia atagonga mwamba, kwa sababu usimbaji wa aina hii huchanganya baiti za kubahatisha kila mara. Nenosiri lilelile likisimbwa mara mbili linatoa matokeo mawili yasiyofanana. Macho hayawezi kumsaidia.

Akiamua kuandika amri upya kwa mkono, mambo yanazidi. Sasa amri iliyotangulia ni ule mstari wa openssl wenyewe, na !* inaurudisha wote isipokuwa neno echo, pamoja na nukuu zake, ndani ya nukuu zake mpya. Nenosiri linalosimbwa safari hii limebeba tumboni sehemu kubwa ya mstari uliotangulia. Na akitumia mshale wa juu badala ya kuandika, anarudishiwa mstari uliokwisha kupanuliwa, wenye Safaricom999! tu, kwa hiyo anarudia kosa lilelile kwa uaminifu kamili.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu maelezo mengi ya upanuzi wa historia huanza na kuishia kwenye ujumbe wa kosa, event not found. Ujumbe huo unaudhi lakini hauna madhara. Umeandika "poa!Kibera" ndani ya nukuu mbili, bash imetafuta amri iliyoanza na Kibera, haikuiona, imekataa mstari wote. Hakuna kilichotendeka. Kampuni ya intaneti inayouza huduma katika mitaa hii, poa!, ina mshangao ndani ya jina lake, na hata hivyo "poa! Internet" hupita bila shida, kwa sababu mshangao unaofuatwa na nafasi, na mwisho wa mstari au na alama ya sawasawa hauguswi. Ukelele wa bash kwa hivyo hutegemea jirani wa mshangao. Hatari iko kwa jirani ambaye ana maana: nyota, alama ya dola, tarakimu, mshangao mwingine.

Tarakimu zinastahili neno. Mtu anayetakiwa kuweka alama maalumu kwenye nenosiri huelekea kuweka mshangao na namba anayoikumbuka. Mkazi wa Kawangware akichagua Kawangware!46, kwa heshima ya namba ya matatu yake, ameiagiza bash ilete amri namba 46. Kwenye mashine mpya haipo na atapigiwa kelele. Kwenye mashine iliyotumika wiki mbili itakuwepo, na nenosiri lake la hifadhidata litakuwa Kawangware likifuatwa na chochote alichokiandika kwenye amri hiyo.

Mishangao miwili ndiyo kisa cha kuchekesha zaidi, kwa kuwa mara nyingi hutokea hadharani. Mtu amehangaika mchana kutwa, programu imekubali, anaandika:

git add .
git commit -m "Sasa iko poa!!"

Ujumbe unaoingia kwenye kumbukumbu ya mradi ni Sasa iko poagit add . na akishausukuma, wenzake wote wanausoma. Tubadilishe kidogo. Kama amri iliyotangulia nayo ilikuwa na nukuu, tuseme git commit -m "Ondoa faili", basi nukuu ya ndani inaifunga ile ya nje, neno faili linabaki nje peke yake, na git inalalamika kwamba haijui faili lenye jina hilo. Hapa linaonekana jambo zito kuliko yote: kilichokuwa maandishi kimetoka nje ya nukuu na kuwa sehemu ya amri. Safari hii ni neno faili. Safari nyingine inaweza kuwa nusu ya amri ya kufuta.

Kwa nini nukuu hazilindi? Kwa sababu upanuzi hufanyika kabla ya sheli kuanza kusoma sarufi. Mstari unapokamilika, unapita kwanza mikononi mwa kitengo cha historia, ambacho ni kama karani anayepokea barua ya kunakili na kila anapokuta alama fulani anabandika kipande cha barua ya jana, bila kuuliza kama alama hiyo ilikuwa agizo au ilikuwa sehemu ya habari. Ni baada ya hapo ndipo mstari unapokatwa kuwa maneno, nukuu zikaheshimiwa, vigeuzi vikajazwa. Karani huyu amefundishwa kuheshimu nukuu moja, ya '. Nukuu mbili hazitambui kwa jambo hili, isipokuwa katika hali moja, tangu mwaka 2016.

Mwaka huo lilitoka toleo la 4.4 la bash. Kabla yake, mshangao uliogusana na nukuu ya kufunga ulisababisha kosa, hata kwenye sentensi isiyo na hatia kama echo "Karibu!" na malalamiko yalikuwa mengi. Toleo la 4.4 likaamua kwamba mshangao wa namna hiyo uachwe. Ni marekebisho ya busara, na yamewapunguzia wanaoanza usumbufu mkubwa. Lakini angalia yalivyoligusa nenosiri letu. Kwenye bash ya zamani, mshangao wa mwisho wa Safaricom999!*! ungeufanya mstari mzima ukataliwe, na mwanafunzi angejua mara moja kwamba kuna jambo. Kwenye bash mpya mshangao wa mwisho unasamehewa, ule wa katikati unapanuliwa, na mstari unapita. Kelele imeondolewa mahali ambapo ilikuwa ndiyo kinga pekee.

Sheli nyingine zina tabia zao. Zsh, iliyoandikwa na Paul Falstad mwaka 1990 na ambayo Apple iliifanya sheli ya kawaida ya macOS kuanzia mwaka 2019, imeipa !" maana yake maalumu: zima upanuzi hadi amri iishe, na ufute vibambo hivyo viwili. Kwa hiyo ukiandika echo "Karibu!" zsh inaimeza nukuu yako ya kufunga, inakuonyesha neno dquote> na kukaa kimya ikingoja umalize sentensi uliyoona umeimaliza. Kwenye tcsh hata nukuu moja haikulindi; hakuna ulinzi ila mkwaju wa nyuma. Dash, ambayo ndiyo sh ya Ubuntu na Debian, haina upanuzi huu kabisa. Ruta zinazotumia OpenWrt zina ash, na huko pia mshangao ni mshangao. Fish iliamua tangu mwanzo kutokuwa nao. Kiwango cha POSIX, ambacho baadhi ya sheli hizi hukifuata, hakiutambui.

Ikiwa ndivyo, ulitoka wapi? Ulitoka Berkeley, California, mwishoni mwa miaka ya 1970, ndani ya csh ya Bill Joy, iliyosambazwa na 2BSD mwaka 1979. Joy alifanya kazi kwenye terminali ya ADM-3A, yenye kibodi isiyo na vitufe vya mishale vinavyojitegemea, kupitia laini ya simu iliyosafirisha herufi kwa mwendo wa kuhesabika kwa macho. Kuandika upya amri ya maneno kumi kulikuwa gharama. Kuandika !! na kuiacha mashine ifanye kazi ya kukumbuka kulikuwa akili. Brian Fox alipoandika bash kwa ajili ya mradi wa GNU, toleo la kwanza likatoka mwaka 1989, aliurithi upanuzi huo ili watu wa csh wasipotee, ingawa bash ilikuja pia na uhariri wa mstari, mishale ya juu na chini, na utafutaji wa Ctrl-R. Kazi ambayo mshangao uliletwa kuifanya ikawa na mfanyakazi mwingine, lakini wa kwanza hakuachishwa.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema upanuzi wa historia ni mabaki ya kale, uzimwe tu. Ukikaa kwenye ofisi ya Upper Hill au Westlands, hoja hiyo haina pingamizi. Ukikaa Kibera, ina pingamizi moja kubwa: hali za Berkeley ya mwaka 1979 hazijaisha.

Watu wengi mitaani hujifunza amri kwa simu. Termux, programu ya Android inayokupa Linux ndogo kwenye simu, inatumia bash kama sheli yake ya kawaida. Kibodi ya simu haina mishale, kama ile ya Joy. Termux imelazimika kuweka safu ya vitufe vya ziada juu ya kibodi, na Ctrl inabonyezwa kwa kitufe cha kupunguza sauti. Kuandika !! kwa kidole gumba ni rahisi kuliko kuhangaika na safu hiyo. Hali kadhalika kwa anayefanya kazi kwenye seva iliyoko Cape Town au Frankfurt kwa bando la simu, jioni wakati kila mtu yuko mtandaoni. Kila kitufe anachobonyeza husafiri hadi huko na kurudi kabla hajakiona. Kupekua amri za nyuma kwa mshale, moja baada ya nyingine, kila moja ikichorwa upya kwenye skrini inayokwama, ni adhabu. sudo !! unaiandika bila kungoja skrini. Mwenye laini mbovu ana sababu ileile aliyokuwa nayo mwenye laini ya simu ya California.

Na huyohuyo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hafanyii kazi mashine moja. Asubuhi yuko kwenye laptopu ya ex-UK aliyonunua mjini, pengine MacBook ya zamani ambayo bash yake ni 3.2, kwa kuwa Apple haikutaka kusonga mbele hadi kwenye matoleo yenye leseni ya GPLv3. Mchana yuko darasani kwenye Ubuntu. Stima ikipotea anaendelea kwenye simu. Jioni anaingia kwenye ruta ya jirani. Mstari mmoja aliounakili kwenye WhatsApp unakataliwa kwenye Mac ya zamani, unakwama kwenye Mac mpya, unapita ukiwa umeharibika kwenye Ubuntu na kwenye Termux, na unafanya kazi sawasawa kwenye ruta. Mashine tano, matokeo manne, na maandishi yaleyale. Mwenye mashine moja hujifunza tabia yake hata kama hajui sababu. Mwenye nyingi hana tabia moja ya kujifunza, na asipoelewa utaratibu wa ndani ataishia kuamini kwamba kompyuta zina kisirani.

Kuna tofauti nyingine isiyohitaji hata mashine ya pili. Upanuzi hufanyika tu kwenye mistari inayoandikwa na mtu mbele ya sheli. Hati ya amri inayoendeshwa kama faili haiguswi, wala .bashrc haiguswi. Kwa hiyo export NENO="Safaricom999!*!" ikiwekwa kwenye faili inatoa nenosiri kamili, na ikiandikwa kwenye terminali inatoa lililoharibika. Mwalimu anayesambaza mfano uliojaribiwa ndani ya hati, na wanafunzi wakauandika kwa mkono kwenye terminali, amewapa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijaribu.

Dawa zinazotolewa mitaani ni nyingi na si zote ni dawa. Ya kwanza watu wanayoifikiria ni mkwaju wa nyuma: "Safaricom999\!*\!". Ndani ya nukuu mbili mkwaju unazuia upanuzi, ni kweli, lakini hauondoki. Nenosiri linalosimbwa lina mikwaju miwili ndani yake, na tumerudi kwenye 2001 kwa njia nyingine, kimya vilevile. Huu ni mtego mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu aliyeutumia tayari ameshaambiwa tatizo ni mshangao na anaamini ameshalitatua.

Nukuu moja inafanya kazi: 'Safaricom999!*!' hupita salama kwenye bash na zsh. Udhaifu wake ni kwamba inazuia kila kitu, pamoja na vigeuzi, na mtu anayetunga data ya JSON yenye $TOKEN ndani yake atajikuta anarudi kwenye nukuu mbili kwa lazima. JSON ya mistari mingi ina kizungumkuti chake pia: upanuzi hufanyika mstari kwa mstari, na nukuu iliyofunguliwa mstari wa juu inaweza isijulikane mstari wa chini. Matoleo ya karibuni ya bash hujitahidi kukumbuka, na mwongozo wake wenyewe unatumia lugha ya kujaribu, si ya kuahidi.

Kwa manenosiri hasa, njia nzuri ni kutoyaandika kwenye mstari wa amri kabisa. Andika read -rs NENO, bonyeza Enter, kisha chapa nenosiri. Halionekani kwenye skrini, halipanuliwi kwa kuwa si amri, na halibaki kwenye .bash_history ambako mwingine wa saiba au wa darasani anaweza kulisoma. Hili la mwisho watu hulisahau: kumbukumbu hiyohiyo inayokubadilishia nenosiri ndiyo inayokuwekea lile ulilofaulu kuliandika vizuri.

Kisha lipo swali la kuzima au kutozima. set +H kwenye bash, au setopt NO_BANG_HIST kwenye zsh, huondoa upanuzi wote. Walimu wengi ninaowaheshimu wangeliweka hilo kwenye mashine za darasa na kuendelea na somo. Mimi siungi mkono, kwa hoja ya kidole gumba na laini mbovu niliyoieleza. Tutakuwa tumemnyang'anya mwenye simu kitu kinachomfaa kila siku kwa ajili ya ajali inayotokea mara moja moja. Bash ina chaguo la katikati lisilozungumzwa sana:

shopt -s histverify

Likiwashwa, sheli bado inapanua, ila haitekelezi. Mstari uliopanuliwa unarudishwa mbele yako kwenye sehemu ya kuandikia, unausoma, unaurekebisha ukitaka, kisha unabonyeza Enter mara ya pili. Kwenye zsh jina lake ni setopt HIST_VERIFY. Gharama yake ni Enter moja ya ziada kwa kila upanuzi, na kwa anayetumia sudo !! mara ishirini kwa siku ni ishirini za ziada. Faida yake ni kwamba mstari unasimama. Mwanafunzi aliyeandika amri yake na kubonyeza Enter, akaona hakuna kilichotendeka na nenosiri linasoma Safaricom999! peke yake, ameshikiwa kosa lake pale lilipozaliwa, kabla halijafika Daraja.

Kuliweka si kazi kubwa. Kwenye laptopu ya mtu mmoja ni mstari mmoja ndani ya .bashrc. Kwenye kompyuta za Ubuntu zinazotumiwa na wengi, mstari huo ukiwekwa kwenye /etc/bash.bashrc unamfikia kila anayefungua terminali, hata mwenye akaunti iliyofunguliwa leo. Kwenye Termux unakaa kwenye .bashrc ya simu yenyewe. Mac ya zamani yenye bash 3.2 inalijua chaguo hili pia, ingawa huko kelele bado ipo na kinga haihitajiki sana.

Na kwa yule ambaye 2001 imeshamfikia, asianze na cheti. Aandike history | tail na asome mstari wake wa openssl. Bash huhifadhi mstari uliokwisha kupanuliwa, si ule ulioandikwa, kwa hiyo nenosiri atakalolikuta hapo ndilo lililosimbwa.